Kauli ya Kutendua

Katika somo la sarufi, mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema na kauli ya kutendua. Mwalimu huandika ubaoni funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua, fuma na fumua, na darasa zima huitikia kwa sauti. Mwisho wa neno unabadilika kidogo tu, na kitendo kizima kinarudi kilikotoka. Lakini kauli hiyo ina mipaka yake. Sema haina kinyume cha namna hiyo. Vunja haina, zaa haina, ua haina. Mlango uliofungwa utafunguliwa, na fulana iliyofumwa itafumuliwa uzi kwa uzi. Neno lililotamkwa na chungu kilichovunjika, lugha haikuvitafutia njia ya kurudi.

Neno hilo la sarufi sasa limehamia kwenye skrini. Simu iliyowekwa katika Kiswahili, mtu akifuta barua pepe kwa bahati mbaya, humwonyesha neno moja: Tendua. Katika programu za kuchora ni kimshale kilichopinda kuelekea kushoto, na kwenye kompyuta ni vitufe viwili, Ctrl na Z. Kijana anayeanza kuchora wahusika anaowapenda, wa katuni za Kijapani au wa filamu, hukizoea kimshale hicho kabla hajajua majina ya burashi. Anaweza kukibonyeza mara mia kwa jioni moja. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni la dini na falsafa kuliko la kompyuta: kosa likifutika kabla ya kutazamwa, mkono umejifunza nini?

Chukua mfano wa kijana anayemchora Naruto. Masashi Kishimoto alimchora mhusika huyu kuanzia 1999 hadi 2014 katika jarida la Shonen Jump, na mashabiki wanamtambua kwa mbali: mistari mitatu kila shavu, na kitambaa cha paji la uso chenye bamba la chuma lililochorwa alama ya kijiji chake. Jicho la kwanza limekaa vizuri. La pili linakataa. Mara liko juu mno, mara limekuwa dogo, mara linatazama pembeni kama la mtu mwingine. Kidole kinagusa skrini, mstari unakuja, haupendezi, kimshale. Mstari, kimshale. Mstari, kimshale. Baada ya robo saa jicho moja linakubali kwa bahati, na kijana anashusha pumzi. Akiulizwa majaribio yote yaliyotangulia yalikosea wapi, hana jibu. Hakumbuki hata moja, kwa sababu hakuna lililoishi mbele ya macho yake zaidi ya sekunde mbili.

Mchoraji shabiki ana mtihani mgumu kuliko anayechora sura za kubuni. Aliyebuni sura yake mwenyewe hana wa kumwambia kwamba pua imekosea, maana pua hiyo haijawahi kuwa kwingine. Anayemchora Naruto amezungukwa na mashahidi. Kila aliyesoma au kutazama hadithi ile anajua taya linavyoishia na nywele zinavyosimama. Kipimo kiko nje ya mchoraji, na juu ya hayo anakipenda kipimo chenyewe. Kosa dogo linamuuma kama vile amemvunjia heshima mtu wa nyumbani. Ndiyo maana kimshale kinamvuta hivyo.

Swali ambalo kila anayeanza hulitanguliza ni programu ipi iliyo bora. Majibu ya kweli ni mafupi. Mwenye simu tu, ibisPaint X inamtosha: imetoka Japani, hutolewa bure kwa sharti la kuvumilia matangazo, na hurekodi uchoraji wenyewe ili uweze kutazamwa baadaye kama video. Mwenye kompyuta, hata ya kawaida, ana Krita, ambayo ni ya bure bila masharti ya matangazo, hujengwa kwa michango na kwa jasho la watu wa kujitolea, na jina lake limetokana na neno la Kiswidi la chaki. Mwenye iPad hununua Procreate mara moja na kumalizana nayo. Clip Studio Paint ya kampuni ya Celsys ya Tokyo imependwa na wachoraji wengi wa manga kwa zana zake za kugawa ukurasa katika fremu na kuweka viputo vya maneno. Photoshop, tangu kampuni yake ilipohamia mfumo wa kulipia kwa muda mnamo 2013, ni mzigo ambao anayeanza hana sababu ya kujitwisha.

Programu inayofaa ni ile inayofunguka leo kwenye kifaa ambacho tayari kipo mkononi. Neno hili ni rahisi kulikubali na gumu kulifuata. Wako vijana wanaojaribu ibisPaint kwa wiki mbili, wakaona mistari yao bado inatetemeka, wakapakua programu nyingine, MediBang. Huko nako wakaona hali ni ileile, wakaanza kuota kishikwambi cha gharama kubwa. Kuhama huko nako ni kutendua. Wanafuta mwanzo mzima, na kila programu mpya inawapokea kama wageni wasiojua mlango uko wapi. Miezi sita ikipita, wanajua vitufe vya programu tano na hawajamaliza uso mmoja.

Karibu programu zote hizi zina pia kitu kinachotuliza mstari. Kidole kikitetemeka, programu husubiri kidogo, hukadiria njia, kisha huweka mstari ulionyooka kuliko ule uliochorwa. Swali la nani hasa amechora mstari huo ni zito na linastahili makala yake. Hapa inatosha kusema kwamba mtulizo husaidia mkono ulio tayari na hauwezi kuamua jicho likae wapi.

Kimshale cha kurudi nyuma hakikuwa hivi tangu zamani. Ivan Sutherland alipoonyesha Sketchpad huko Marekani mnamo 1963, mtu akachora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, ajabu ilikuwa kule kutokea tu kwa mstari. Photoshop ilitoka 1990. Leya, yaani yale matabaka yanayolazwa moja juu ya jingine kama karatasi zinazoonyesha kilicho chini yake, ziliingia humo katika toleo la 3.0 la 1994. Orodha ya historia, inayomruhusu mchoraji kurudi hatua nyingi, ilikuja na toleo la 5.0 mnamo 1998. Waliotangulia walirudi hatua moja tu, na hatua hiyo ikishatumika, kosa la kabla yake lilikuwa limekaa. Leo Procreate humruhusu mtu kurudi hatua 250. Ndani ya kizazi kimoja, gharama ya kukosea mstari imeshuka hadi kukaribia sifuri.

Watu wa pwani wanajua jambo jingine kuhusu kufuta. Katika vyuo vya Kurani vya zamani, mtoto aliandikiwa somo lake kwenye ubao kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Alikaa na ubao ule mapajani, akausoma kwa sauti, akarudi mwanzo, akakosea, akarekebishwa, mpaka aya zikaingia kichwani. Akishamsomea mwalimu bila kutazama, ndipo ubao ulipooshwa kwa maji na somo jipya kuandikwa. Masizi yalikwenda na maji yote, bila hata nukta kubaki. Hakuna aliyehuzunika, kwa kuwa kilichokuwa kwenye mti sasa kilikuwa kifuani.

Ubao ule na kimshale hiki vyote hufuta kabisa. Tofauti iko kwenye wakati. Mtoto wa chuoni aliosha baada ya kubeba. Kijana wa jicho la Naruto anaosha kabla hajasoma herufi ya kwanza.

Wanazuoni waliolichambua kosa kwa makini kuliko wote ni wale walioandika juu ya toba. Hakuna anayesema kwamba mstari uliopinda ni dhambi. Kinachofaa kuazimwa kwao ni mpangilio wa hatua. Imam Nawawi, aliyeishi karne ya 13, ameeleza katika kitabu chake Riyadhus Salihin kwamba toba ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuliacha, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Kosa likiwa limegusa haki ya mtu, linaongezwa sharti la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake. Kabla yake, al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliipanga toba katika kitabu chake Ihya kwa namna inayomhusu moja kwa moja mtu anayejifunza jambo lolote. Kwanza ni elimu, mtu ajue alichokosea na madhara yake. Elimu ndiyo inayozaa majuto. Majuto ndiyo yanayozaa kitendo. Mkatoliki naye akienda kwa padri ana mpangilio unaofanana na huo: kujuta, kuungama, kutimiza kitubio. Katika njia zote hizi kufutwa kupo, tena ni kufutwa kwa hakika, lakini hakuji kwanza.

(Ni haki kutaja kwamba wapo Waislamu ambao swali kwao linaanzia mbali zaidi: je, inafaa kuchora kiumbe chenye roho hata kidogo? Hadithi zinazowakemea watengeneza sura zimo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya upana wa makatazo hayo. Kijana mwenye mashaka hayo moyoni amuulize mwalimu wake anayemwamini kabla ya kuuliza habari za burashi.)

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina nguvu. Kimshale ni rehema. Karatasi nzuri ni ghali, rangi ni ghali, na kwa vizazi vingi watoto wengi wenye kipaji waliambiwa waache kuharibu madaftari. Mtoto wa leo mwenye simu ya mzazi kwa saa moja jioni anaweza kukosea bure, bila kugombezwa. Hofu ya kuharibu, ambayo imewafukuza wengi kwenye sanaa, imepunguzwa kwa kiasi kikubwa. Dini zenyewe zinafundisha kwamba mlango wa kurudi haufungwi kwa aliyekosea mara nyingi, na mtu anayeaminishwa kwamba kila kosa lake litabaki milele hawezi kuthubutu lolote. Anayemshauri kijana azime kabisa kitufe cha kutendua, eti akomae kama wazee wa wino na karatasi, anamtwisha umaskini ambao umeshaondoka.

Hoja hiyo ikubaliwe yote. Bado haijibu kilichotokea kwenye jicho la pili. Rehema ilikuwepo mara arobaini, elimu haikuja hata mara moja. Waswahili husema kupotea njia ndiko kujua njia, na msemo huo una sharti ndani yake: aliyepotea awe ametembea njia ile ya makosa kwa miguu, akaona mti gani ulimdanganya. Aliyebebwa usingizini na kurudishwa njia panda hajui kitu.

Wachoraji wa Italia walikuwa na neno kwa mabadiliko yanayobaki chini ya rangi. Waliyaita pentimento, na neno hilo limetoka kwenye kitenzi cha kutubu. Mkono ulikuwa hapa, mchoraji akajutia, akausogeza. Rangi ya juu ikichakaa, au picha ikitazamwa kwa infraredi, mkono wa kwanza unaonekana. Katika picha ya Arnolfini na mkewe, aliyoichora Jan van Eyck mwaka 1434 na ambayo iko National Gallery mjini London, uchunguzi umeonyesha kwamba mkono wa mume ulioinuliwa na miguu yake vilihamishwa. Mchoraji aliyesifiwa Ulaya nzima kwa usahihi alikosea, akatazama, akaamua upya, na ushahidi wa uamuzi wake umelala humo kwa karibu miaka 600.

Mfano unaomgusa zaidi mchoraji shabiki ni wa mtoto wa Florence. Waandishi wa maisha ya Michelangelo, Vasari na Condivi, wanasimulia kwamba alipokuwa mdogo aliipenda chapa ya Mjerumani Martin Schongauer inayomwonyesha Mtakatifu Antoni akisumbuliwa na mashetani, akaichora upya kwa rangi. Mashetani yale yana magamba na mapezi, na mtoto alikwenda soko la samaki kutazama magamba halisi yanavyong'aa, ndipo akarudi kwenye ubao wake wa mti. Picha ambayo jumba la makumbusho la Kimbell, Texas, liliinunua mwaka 2009 inahesabiwa na jumba hilo kuwa ndiyo kazi hiyo. Hicho kilikuwa kitendo cha shabiki: sura ya mtu mwingine, iliyopendwa mpaka ikachorwa tena. Lakini tazama alivyolishughulikia tatizo lake. Magamba ya chapa ya wino mweusi hayakumpa rangi. Alipokwama aliweka burashi chini akaenda kutafuta elimu mahali ilipo, kati ya wauza samaki.

Kwa kijana anayemchora Naruto, soko la samaki ni nini? Ni kioo cha nyumbani, kwa kuwa macho ya binadamu yamekaa kwenye mstari mmoja hata kichwa kikiinama. Ni kurasa za Kishimoto mwenyewe, zisomwe kwa rula safari hii. Ni uso wa mdogo wake aliyelala mkekani. Dakika tano huko zina thamani kuliko kimshale mara mia, na hakuna programu yoyote, ya bure au ya kulipia, inayoweza kumpeleka huko.

Kuna mpaka mwingine ambao kauli ya kutendua haiuvuki, na mwanafalsafa Hannah Arendt aliuandika vizuri katika kitabu chake cha 1958, The Human Condition. Alitofautisha kazi ya fundi na kitendo kati ya watu. Fundi ana mamlaka juu ya alichotengeneza: meza mbaya anaweza kuivunja akaanza nyingine. Kitendo kilichofanywa mbele ya wengine hakirudi, kwa kuwa tayari kimeingia katika maisha yao, na dawa pekee aliyoiona Arendt kwa jambo lisiloweza kurudishwa ni msamaha, ambao mtu hawezi kujipa mwenyewe.

Mchoro ukiwa bado ndani ya simu ni meza ya fundi. Ukishawekwa hadharani umekuwa kitendo. Kijana aliyefuatiza mchoro wa shabiki mwenzake mstari kwa mstari, akaondoa saini ya mwenzake na kuweka yake, anaweza kuufuta mchoro huo usiku uleule, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Waliouona wameuona, na aliyeibiwa ameumia. Hapa ndipo lile sharti la nne la Nawawi linapokuwa la lazima: haki irudishwe kwa mwenyewe, kwa jina na kwa maneno.

Hata kampuni hazina kitufe cha kutendua lililofanywa hadharani. Mwishoni mwa Novemba 2022, Celsys ilitangaza kwamba Clip Studio Paint ingewekewa zana ya kuzalisha picha kwa akili bandia. Wachoraji wanaoitumia walipinga kwa nguvu, wengi wao wakihofu kwamba mifumo ya aina hiyo imefunzwa kwa kazi za watu bila ruhusa zao. Siku chache baadaye kampuni iliondoa mpango huo. Haikuweza kuuondoa kimyakimya kama mtu anayefuta mstari. Ililazimika kuwaeleza watumiaji wake kwamba imesikia, na kuwaomba radhi.

Basi kwa anayeanza leo, kuna utaratibu mmoja unaowezekana katika programu zote zilizotajwa hapa, na hauhitaji senti. Jicho la pili likikosea, usiguse kimshale. Litazame mpaka uweze kusema kwa maneno limekosea nini: liko juu, ni jembamba, mboni imetoka katikati. Fungua leya mpya. Ile yenye kosa ipunguzie ukolezi hadi iwe kivuli tu, uipe jina la kosa lenyewe, kisha uchore jicho jipya juu yake ukiona la zamani linavyopita chini. Ukimaliza, ifiche bila kuifuta. Ukihifadhi, hifadhi kwa aina ya faili ya programu yenyewe, kama .kra kwa Krita au .clip kwa Clip Studio, kwa kuwa picha ya PNG huziunganisha leya zote kuwa moja. Historia ya kutendua kwa kawaida hupotea faili linapofungwa. Leya hubaki. Mwaka ujao jicho lile lililokaa juu mno bado litakuwemo ndani ya faili, na litaonekana tena kwa mbofyo mmoja kwenye alama ndogo, mara nyingi ya jicho, iliyo kando ya leya yake.